Adui Mwenye Sauti ya Tata

Nyumbani, Nyamira
Jumapili, mvua ikinyesha

Dada yangu mpendwa Tryphosa,

Pokea salamu kutoka kwangu mimi mdogo wako Joyline, na kutoka kwa Mama, na kutoka kwa ule mparachichi ulioupanda nyuma ya jikoni, ambao sasa unazaa mpaka watoto wa jirani wamehamia kwetu. Sisi tupo. Majani chai tunachuma, magoti yanamsumbua Mama kama kawaida, na Sabato tunafika kanisani tukiwa tumechelewa. Wewe hujambo? Shemeji Osoro hajambo? Na mtoto wenu Nyakerario, kile kikohozi kimemwacha? Mfunikeni vizuri, baridi ya Kitale si ya kuchezea mtoto.

Nimeandika barua kwa sababu simu zetu hushiki. Usikatae. Tangu tumzike baba yetu, Tata, nimekupigia mpaka yule mwanamke wa mtandao anayesema mteja hapatikani nimemzoea kama mke wa kaka. Basi nimempa karatasi hii binamu ya Osoro anayerudi huko kesho, nikamwonya asikupe mlangoni akakimbia. Akupe, akae, anywe chai, na uisome akikuona. Simu unaweza kuikata, lakini hii utaisoma hadi mwisho, nakujua, huwezi kuacha kitu nusu.

Tata tulimzika vizuri. Watu walijaa mpaka kwenye migomba, kwaya iliimba, na mvua ikatusubiri hadi tukamaliza. Mchungaji alipowaita watoto watupe udongo, alianza na jina lako kwa kuwa ndilo la kwanza kwenye ratiba. Akangoja. Watu wote wakangoja wakitazama njia ya kutoka barabarani. Halafu akakohoa kidogo akamwita Okemwa. Mama aliinama pale pale na hakuinua uso tena mpaka kaburi likafunikwa.

Sasa usikunje sura, sikuandika kukulaumu. Ningekuwa wewe na mimi nisingekuja. Ndiyo maana naandika.

Nianze na kaka yetu Okemwa, maana yote haya yanapitia kwake. Ulipoondoka hapa na Osoro, Okemwa alikuwa kijana wa kushinda Keumbu akirekebisha redio. Baadaye Bosire, yule mwenye ukumbi wa video pale sokoni, akampa kipaza sauti. Kazi ikawa hiyo: muvi inapigwa, Wazungu na Wachina wanasema yao, na Okemwa anawasemea kwa Kiswahili na Ekegusii watu wa Keumbu waelewe. Hakuwa akijua hata nusu ya kile wanachosema. Alikuwa akitazama midomo tu, anaona mdomo umefunguka kwa hasira, anaujaza. Ndivyo alivyofanya kazi na ndivyo alivyopendwa.

Na muvi alizozipenda zilikuwa zile za nyota na vyombo vya angani na mashine zinazofikiri. Nilimuuliza mara moja anapata nini huko, akaniambia kwamba katika muvi za namna ile steringi, yule shujaa, ni mgeni tu, amekuja kupiga kelele na kuharibu vitu; mwenye nyumba ni adui. Adui ndiye anayeamka mapema, ndiye mwenye mipango, ndiye anayejua kila waya wa chombo chake unapoelekea. Nikamwambia aende akaoge.

Adui wake alimpa jina Omogaka, yaani Mzee. Si adui wa muvi moja, la. Kila muvi, adui alikuwa Omogaka yule yule na sauti ile ile. Akiwa na uso wa chuma ni Omogaka. Akiwa na mikono sita ni Omogaka. Akiwa malkia wa sayari ya barafu, Okemwa anasema Omogaka amevaa gauni ili asitambuliwe, na ukumbi unavunjika kwa vicheko. Jumatano alilipuliwa pamoja na chombo chake juu ya Keroka, Ijumaa amerudi kwenye nyota nyingine na watu wanampigia makofi. Akina mama wauza ndizi walikuwa wanaacha biashara waende wamsikie. Steringi hakuna aliyemkumbuka jina.

Dada, ile sauti ilikuwa ya Tata.

Unakumbuka tukiwa wadogo, Okemwa akijificha migombani akikohoa kama Tata, tukitupa majembe na kukimbia? Wewe ndiye uliyekuwa ukicheka mpaka unalia. Basi ile ile, ila imekomaa. Kikohozi kabla ya neno la kwanza, ule mvuto wa pumzi, na mwisho lile neno la Tata la kufunga kila mjadala. Omogaka akishatoa amri ya kukausha bahari au kuzima jua, anatulia, kisha anasema, Nimemaliza. Ukumbi mzima ulikuwa unalisema pamoja naye.

Habari ilimfikia Tata kupitia watu wa kanisa, kama unavyojua hawana kazi. Tukajua Okemwa amekwisha. Tata alivaa koti lake la Sabato, akapanda gari hadi Keumbu, akalipa kiingilio kama mtu yeyote, akaketi nyuma na kofia yake. Okemwa hakumwona. Na siku hiyo, kwa bahati mbaya au nzuri sijui, ilikuwa muvi ambayo adui anamfukuza binti yake chomboni. Kwa nini anamfukuza, Okemwa hakujua, akajaza ya kwetu. Akasema binti amependa mtu wa sayari nyingine, ya watu wasiosali siku moja na wao. Akasema wageni wa bwana harusi wamefika na ng'ombe wao, na Omogaka amewarudisha kabla hawajaonja hata maji.

Najua umeacha kusoma kidogo hapo. Endelea.

Watu walicheka, Tata akatoka. Jioni, wakati wa kula, alimuuliza Okemwa kama watu wanampenda yule mzee. Okemwa akajibu kwamba wanampenda kuliko wote. Tata akauliza kwa nini, na ni mbaya hivyo. Okemwa akasema labda ni kwa sababu kila muvi ikiisha, wengine wote wanaondoka wameshikana mikono, na yeye ndiye anayebaki peke yake chomboni. Tata akaendelea kula mboga yake ya chinsaga. Hakumkataza. Ulimwengu una mambo! Tangu siku hiyo hakusema tena lile neno Nimemaliza ndani ya nyumba hii, hata mara moja, na mimi nikaliona lakini sikulielewa.

Halafu ugonjwa. Mama alikwambia ni koo na kwamba amefanyiwa upasuaji. Huo ulikuwa ukweli, lakini nusu. Tryphosa, walikiondoa kisanduku chote cha sauti. Tata alirudi nyumbani na tundu shingoni analopumulia, limefunikwa kitambaa cheupe, na hakuna sauti. Hata ya kuita kuku. Alitukataza sote, Mama akiwemo, tusikwambie. Mimi ndiye niliyekuwa nikimsafisha, kwa hiyo nilijifunza kusoma midomo yake upesi, na aliniambia kwa midomo hiyo kwamba hataki uje kwa kumhurumia. Kiburi kile unakijua. Kilikuwa kimebaki chote, hawakukigusa.

Mchana alikuwa akimwomba Okemwa amwekee kwenye runinga zile muvi za Omogaka zilizorekodiwa ukumbini. Aliketi akijisikiliza. Aliyoipenda zaidi ilikuwa ile filamu ya mfululizo ambayo adui ni kompyuta, haina uso wala mdomo, ni taa tu ya kijani ukutani, na inatawala dunia kwa kusema. Alikuwa akiashiria irudiwe, irudiwe tena. Mimi nilitoka nje nikajifanya naanua nguo.

Sasa sikia, na kama umesimama, keti.

Ile simu ya Tata uliyopokea, Jumapili ile Mama alipokuwa amepeleka majani kwenye kituo cha chai, hukuongea na sauti ya Tata. Uliongea na Okemwa.

Usinitukane bado. Ilikuwa shauri la Tata mwenyewe. Alimwita Okemwa akamwambia kwa midomo kwamba yeye hujaza watu wasiomjua maneno wasiyoyasema, basi leo amjaze babake yale anayoyasema, asiongeze kitu. Wakakaa uso kwa uso pale dirishani, mimi nimeshika simu katikati. Tata anafungua mdomo, Okemwa anatoa sauti. Kikohozi, pumzi, kila kitu. Hata mimi niliyekuwa natazama nilisisimka mwili. Alikusalimu. Akauliza Nyakerario anaendeleaje. Hukujua kwamba anajua, sivyo? Mama alimwambia zamani kwamba pamoja na yote aliyokutendea, ulimpa binti yako jina la mama yake yeye. Siku alipoambiwa alikwenda shambani akakaa huko hadi giza. Ulimjibu kwamba anaendelea, kwa sauti ya kumjibu karani.

Halafu ukasikia akisema kwamba wale wageni wako aliwafukuza na njaa yao. Ukasikia kimya. Ukasikia, Nimemaliza. Na simu ikakatika.

Najua ulivyoelewa, maana ujumbe ulioutuma kwa Mama niliusoma mimi. Ulisema miaka tisa amekaa, na alipopata simu ni ya kukukumbusha alivyokudharau, na asikupigie tena hadi kufa. Kisha ukatufungia sote.

Tryphosa, Tata hakusema Nimemaliza. Nilikuwa nimekaa mbele yake, na midomo ile niliisoma kila siku nikimsafisha. Baada ya kusema aliwafukuza na njaa, Tata alisema: Nilikosa, mwanangu. Nisamehe. Njoo na mume wako na mtoto, niwachinjie, mle mpaka mshindwe. Alisema hivyo huku machozi yanashuka yanaingia kwenye kile kitambaa cha shingoni. Okemwa alifungua mdomo kumsemea na sauti haikutoka. Aliniambia baadaye kwamba katika muvi zote alizowahi kuzijaza, ile sauti haijawahi kuomba msamaha. Hakujua inaanzia wapi. Alijaribu, akaogopa utasikia analia kwa sauti yake mwenyewe na ujue ni yeye. Basi ikatoka ile iliyozoea kutoka, na akaninyang'anya simu akakata.

Tata alimpiga gotini, akaashiria tupige tena. Tulipiga. Tulipiga wiki nzima. Nilitaka kukuandikia, Okemwa akaapa atakuja Kitale mwenyewe akueleze ana kwa ana, kosa ni lake. Akafika stendi ya Kisii, akarudi. Akafunga safari tena, akarudi. Na Tata hakutungojea. Siku za mwisho midomo yake ilikuwa ikirudia yale yale, nami nikamwambia nimeyaona, nitayafikisha. Sikumwambia kwamba umetufungia. Ningemwambiaje?

Okemwa sasa ni mtu wa kukaa jikoni. Ukumbi hakanyagi. Bosire alikuja kutoka Keumbu kusema watu wanamuuliza Omogaka yuko wapi, Okemwa akamwambia amekufa na yeye ndiye aliyemuua. Akiongea nasi ananong'ona, kama anaogopa koo lake. Hali chakula, Dada. Amekonda hata mkanda wa suruali umeongezwa matundu. Nimemwambia si yeye adui, hasikii kutoka kwangu. Naamini atasikia kutoka kwako, na kama huwezi kuja kwa ajili ya Tata, nakuomba njoo kwa ajili yake. Yale maneno bado anayo yeye. Njoo akusemee kwa sauti yenyewe, uisikie ikiomba msamaha.

Nimalizie hapa, taa inafifia na Mama anauliza naandika Biblia gani. Hajui habari ya simu. Nitamwambia wewe ukiwa umekaa karibu yake. Msalimie Osoro sana. Mwambie Nyakerario ana mama mdogo mwenye maparachichi mengi na mdomo mrefu.

Jambo moja tu limebaki. Siku ile ile ya simu, Tata alitoka hadi zizini akamtenga yule ndama dume mwekundu, akafunga kamba ya bluu shingoni mwake. Wakati wa mazishi kamati ilimtaka kwa ajili ya wageni. Okemwa alisimama kwenye mlango wa zizi akawaambia yule ana wenyewe, wako njiani. Wakachinja mwingine. Yule bado yupo, amenenepa, na kamba yake haijafunguliwa.

Ni mimi mdogo wako,
Joyline Obwocha