Kiapo cha Mhandisi Gaber Juu ya Diski

KITUO CHA POLISI, MANSOURA
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Yomna Shaaban el-Feki
Umri: Miaka 16
Kazi: Mwanafunzi wa sekondari
Makazi: Mansoura, pamoja na wazazi
Kuhusu: Kuvunjwa kwa kabati la kioo dukani kwa Gaber Abdel-Baset

Mimi niliyetajwa hapo juu naeleza yafuatayo, mama yangu akiwa ameketi kando yangu.

Mnamo tarehe 11 Februari 2023, Jumamosi, saa saba mchana, nilikwenda dukani kwa Gaber, fundi wa kompyuta ambaye sote humwita Mhandisi. Diski ya kompyuta yangu mpakato ilikuwa inakufa. Masomo yangu yote ya mtihani yamo humo, nami sina uwezo wa kununua kompyuta nyingine.

Kabla ya kwenda nilisoma mwongozo wa mtengenezaji. Unasema kompyuta hii hupokea diski ya SSD ya aina ya SATA tu. Iko aina nyingine, NVMe, ambayo ina kasi zaidi. Kwa umbo zinafanana kama mapacha, na hata parafujo ni ileile. Lakini kompyuta isiyoijua NVMe haiioni kabisa, utadhani hukuweka kitu.

Mhandisi alinitolea NVMe. Nilisema, "Samahani, Mhandisi, nadhani yangu inataka SATA." Hakusikia, nikarudia. Wateja wawili waliokuwapo wakacheka. Mmoja akasema, "Haya Gaber, leo umepata mwalimu!"

Mhandisi akaniambia, "Wewe binti, mimi nilianza kufungua laptopu hujaota hata meno."

Nikasema mwongozo ndio unaosema hivyo, si mimi. Hapo akapiga meza kwa kiganja na kusema, "Mke wangu ameachika, talaka tatu, kama diski hii haitafanya kazi kwenye laptopu hii!"

Nimeyataja maneno hayo kama nilivyoyasikia.

Akaifungua kompyuta, akaichomeka diski, akakaza parafujo. Iliingia vizuri, na nilitamani sana mwongozo uwe umekosea. Alipowasha, kioo kiliandika kwamba hakuna diski. Akazima, akapuliza tundu, akawasha tena. Ikawa vilevile. Akasema, "Laptopu yako ina mkosi."

Wakati huo mkewe, Bi Samah, aliingia na sufuria ya kabichi zilizojazwa wali, chakula chake Mhandisi cha mchana. Yule mteja mcheshi akamwambia, "Usiitue sufuria, Bi Samah. Uliza kwanza kama bado una mume."

Hakuna aliyecheka. Bi Samah aliwatazama wote, kisha akanigeukia mimi. "Mwanangu, kaapa tena?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Na hiyo diski inafanya kazi?"

Mhandisi alikuwa amenikodolea macho. Nikasema, "Kompyuta haiioni, mama."

Bi Samah alitoka na sufuria yake, akavuka kwenda kwa kaka yake Refaat, anayeuza makava ya simu duka la mkabala. Muda si muda Refaat aliingia akipiga kelele: "Dada yangu ndiye waranti ya vipuri vyako?"

Mhandisi akajibu, "Refaat, shemeji yangu, ulimi umeteleza tu."

"Umeteleza mara ngapi?"

Refaat akanyanyua kigoda na kulipiga kabati la kioo pigo moja. Kioo chote kikamwagika chini. Mhandisi hakumgusa kabla wala baada ya hapo. Refaat aliketi juu ya kigoda kilekile mpaka polisi walipofika.

Tulipokuwa tukisubiri hapa kituoni, Mhandisi alisogea karibu yangu kwenye benchi, mama yangu alipokwenda kunichukulia maji. Alisema, "Binti, sema niliapa kwa Mungu tu, mke sikumtaja. Nitakuwekea SATA, tena kubwa, bure, na masomo yako yote nitayahamisha leo hii."

Niliifikiria ile diski.

Bi Samah, aliyekuwa mwisho wa benchi, alisikia. Alisema, "Andikisha ulichosikia, mwanangu. Mwaka jana aliniacha kwa sababu ya chaja. Akakana, na shahidi hakuwapo. Nimechoka kuachwa kwa sababu ya vipuri."

Kwa hiyo naomba maneno ya kiapo yabaki kama nilivyoyataja juu, na pigo la kigoda vilevile. Diski nimeikataa. Nimesomewa yote niliyoyasema na nimeyakubali kuwa ni yangu.

Sahihi: Yomna Sh. el-Feki
Sahihi ya mzazi: imewekwa

Maelezo ya ofisa: Yamechukuliwa na mimi, Sajini Hamdi Ouf, saa kumi na moja jioni. Shahidi aliulizwa mara mbili kuhusu kiapo, na hakubadilisha neno. Mke wa mlalamikaji ameomba nakala ili aipeleke kwa shehe. Ameelezwa kwamba huenda ikachukua muda. Amesema atasubiri.