Kuipigia Hodi Foklifti

Baba Zuhura,

Shikamoo. Kalamu nimeishika na kuiweka mara kadhaa, maana sikujua mtu aliyetangulia anaanzwa vipi. Leo nimeona nianze kama ningekukuta pale getini asubuhi, umekalia pipa lako tupu unakunywa chai ya tangawizi: shikamoo, umeamkaje. Najua hutaitika. Naandika hivyo hivyo.

Ni mimi Mwajuma, uliyekuwa ukiniita mtu wa maji kwa kuwa nimezaliwa visiwani kule delta kwa wakata mikoko, ukisema sisi gurudumu tumeliona ukubwani. Foklifti yako ya kunyanyulia magunia sasa naiendesha mimi. Ulipolazwa hospitali ya Mchukwi mara ya mwisho ulimwambia tajiri ufunguo apewe Mwajuma, naye hakubisha. Baada ya kukuzika kule Mahege alinikabidhi mbele ya makuli wote wa ghala, na mimi badala ya kushukuru nikaangua kilio. Walinitania wiki nzima.

Nyumbani kwako hawajambo. Mama Zuhura amemaliza eda, ameanza tena kwenda shambani, na amenenepa kidogo, ila usimwambie nimesema. Zuhura amekuja kufanya kazi kwetu, ghalani hapa Bungu. Anashona magunia ya korosho yaliyochanika, kazi ileile niliyoanza nayo mimi. Barua hii hasa ni ya habari zake, lakini univumilie nifike taratibu.

Ulivyonifundisha, baba, nilikuona mkorofi. Siku ya kwanza nilitaka kupanda kitini, wewe ukanizungusha. Kila asubuhi kabla ya malori kuingia tuliizunguka ile mashine sisi wawili: tairi na nati zake, yale meno mawili ya kunyanyulia kama yana ufa, minyororo ya kupandishia mzigo, sakafu kama ina mafuta yaliyovuja, kisha breki, usukani, honi na king'ora cha kurudi nyuma. Ukiona tone moja la mafuta unapiga magoti kama mtu aliyepoteza pete. Msimu mzima hukunipa ufunguo. Nikaenda kulalamika kwa mkeo kwamba unaninyima kwa sababu ni mwanamke. Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema hata yeye, enzi za uchumba, ukija kumpakia baiskeli ulikuwa unaanza kukagua breki na kumwacha anasubiri juani.

Ila kilichonishangaza kuliko vyote ni ile hodi yako. Unasimama nyuma ya mashine, unapiga hodi kama uko mlangoni kwa watu. Unakwenda ubavuni, hodi tena. Makuli walikuwa wakikujibu kwa utani, karibu mzee, kiti hiki hapa, chai iko jikoni. Nilidhani ni mzaha wako, mpaka siku nilipokuuliza kwa nini usiulize tu nani yupo.

"Ukiuliza nani yupo," ukaniambia, "aliyejilaza kivulini atanyamaza asionekane. Mpigie hodi, ataitika kabla hajafikiri."

Na kweli, mara ngapi tulisikia karibu yenye usingizi ikitoka nyuma ya mashine, na mtu akachomoza anajipangusa macho kwa haya. Hukumkaripia hata mmoja. Ulikuwa unamwambia akalale kule kwenye magunia matupu, kisha unaendelea na tairi.

Sasa sikia. Msimu huu tumeletewa msimamizi mpya kutoka Dar, kijana anayeitwa Deo. Si mtu mbaya, ana haraka tu. Malori yanapanga foleni hadi barabarani na simu zote zinampigia yeye. Mwanzoni aliniacha. Baadaye akaanza kusema ukaguzi uwe jioni tukishafunga, asubuhi niwashe na kubeba. Nilikuwa namjibu kwa adabu, kisha nazunguka. Mwisho akaniambia wazi kwamba yupo dereva mwingine anayeweza kukaa kwenye kile kiti bila mbwembwe. Niliogopa, Baba Zuhura. Nyumbani tunakula kwa kile kiti. Asubuhi iliyofuata akasimama mlangoni mwa ghala ananiangalia, malori yanapiga honi, na miguu yangu yote miwili ilikuwa inataka kupanda.

Nikazunguka. Tairi za mbele nzuri, minyororo mizuri. Nikafika nyuma nikapiga hodi, kwa sauti ndogo, maana nilimwonea haya Deo. Kimya. Nikapiga tena, safari hii kwa sauti kama yako.

"Karibu," ikajibu sauti ya kike kutoka chini.

Nikainama. Zuhura amelala kifudifudi, mkono ameuingiza chini ya mashine hadi begani, kichwa kiko karibu kabisa na tairi la nyuma. Shazia, ile sindano kubwa ya kushonea magunia, lilimponyoka likabingirika huko, naye akaingia kulitafuta bila kumwambia mtu. Kutoka kitini nisingemwona. Na king'ora, wewe mwenyewe unajua, kinalia mashine ikiwa imeshaanza kurudi. Nilimvuta akatoka, nikamkumbatia na vumbi lake lote, na shazia lenyewe hatukulikumbuka tena.

Deo aliona. Alikaa chini palepale mlangoni, halafu akaenda mwenyewe kuwaambia madereva wa malori wasubiri. Yule dereva mwingine hajatajwa tena. Kesho yake alikuja mapema, akasimama ubavuni mwa mashine na kupiga hodi, kavu, kama mtu aliyeitwa ofisini kwa mkubwa. Tulicheka sote, naye akacheka.

Mimi nilimshukuru Mungu, kisha nikakushukuru wewe. Umemwokoa mwanao, baba, ukiwa kaburini. Ulikuwa hujui kwamba siku moja atafanya kazi hapa. Miaka yote ile ulikuwa ukipiga hodi kwa ajili ya watoto wa wenzio, wavivu wa watu waliojilaza kivulini, wala hukuchoka kuchekwa. Ulipokuwa hai nilikupa asante ya chai, nikakupa asante ya kunifundisha gia. Hii sikujua kama ni ya kushukuriwa. Basi pokea sasa. Nashukuru sana, sana.

Zuhura mwenyewe amesema anataka kujifunza kuiendesha. Nimemkubalia. Kwa sasa anazunguka nami asubuhi, anapiga hodi upande wake, na sauti yake ni kubwa kuliko yangu.

Mama yake tulichelewa kumwambia, tukihofia presha yake. Juzi tumemwambia. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema ulikuwa unamuudhi na hodi zako, kwamba hata nyumbani kwako mwenyewe hukuwahi kuingia bila kubisha, kama mgeni. Halafu akalia. Akasema jioni ndiyo inayomshinda, saa uliyozoea kurudi, anajikuta amegeukia mlango na hakuna anayebisha.

Nimemwahidi, na sasa nakuahidi na wewe, kwamba kila nikitoka kazini nitapita kwake, na sitaingia mpaka nimebisha. Jana nilianza. Kabla neno halijanitoka lote aliitika karibu, na nilipoingia nilimkuta ameshasimama.

Pumzika kwa amani, baba. Mungu akulaze pema.

Mwanao,
Mwajuma