Maji ya Miwa Nyumbani kwa Mama Wakesho

Voi, landhi za reli
Jumapili, baada ya ibada

Kwako dada yangu Loice,

Nakusalimu wewe na shemeji na watoto wote hapo Bunyore. Mguu wa mama unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompelekea, anaipaka, au ameificha kabatini akingoja mguu uzidi kuuma? Na mvua je, imenyesha? Huku hakuna kitu. Voi ni vumbi, joto na treni, na tembo wanaotoka porini kuja kula mahindi ambayo hata hayakuota vizuri. Baba Elphas hajambo. Bado yuko stesheni akibadilisha njia za reli, na bado anarudi nyumbani akinuka grisi. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio sio mzima, na ndiyo sababu leo sikulala mchana kama wenzangu, nimekaa nikuandikie.

Dada, kuna jambo sikukuambia tulipomleta Elphas kumzika. Sikumwambia mtu yeyote pale nyumbani, kwa sababu mngenikataza kurudi huku. Siku ile surua ilipomchukua mtoto wangu, jirani yangu Mama Wakesho alisimama bombani mbele ya wanawake wote wenye ndoo akasema, "Hawa watu wa bara wana mambo. Huyo amemla mwanawe mwenyewe." Mimi nilikuwa ndani, dirisha wazi, nikimfunga Elphas shuka.

Huyu Mama Wakesho ni Mtaita, mumewe ni karani hapo stesheni, na nyumba yao na yetu zinatazamana katika safu hizi za landhi tulizopewa na reli. Ni mwanamke niliyemgawia makaa yake yalipoisha, niliyemshikia mtoto alipokwenda kliniki. Baada ya maneno yale wanawake wa landhi waliacha kunipa watoto wao niwabebe. Mmoja alimvuta wake akamficha nyuma ya kanga nilipopita. Elphas angekuwa anaanza shule sasa, kwa hiyo unaweza kujua ni muda gani nimekaa na jambo hili. Mama Wakesho nilimsalimia kila asubuhi kwa mdomo. Ningefanyaje? Mimi ndiye mwalimu wa vijana kanisani.

Ndiyo, dada, cheka. Kasisi alinipa darasa la kipaimara, Jumamosi mchana, na somo kubwa la mwaka huu ni kuishi kwa amani na watu wote. Vijana ni mchanganyiko, Wataita, Wakamba, Wajaluo na sisi Waluhya, na nusu yao wanagombana kabla hawajakaa. Na mimi nafundisha vizuri, nisikufiche. Wakati wa mfungo wa Waislamu wavulana wangu walikwenda kula miwa na kutupa makapi mbele ya nyumba ya Bi Zuhura, mama wa Kiislamu anayetuuzia mahamri. Niliwapeleka wote kwake wafagie uwanja. Bi Zuhura akawaambia, "Wanangu, mimi sikukasirika kwa makapi. Nimekasirika kwa kuwa mwanijua, na mwajua nimefunga." Walifagia wameinamisha vichwa, na sikukuu ilipofika akawaita wakala kwake. Siku hiyo nilijiona mwalimu kweli.

Halafu Wakesho akaingia darasani. Ndiye binti mkubwa wa yule mwanamke, yuko darasa la saba.

Sitakudanganya, nilifurahi. Kanuni ya hapa ni kwamba kijana hawekewi mikono na askofu mpaka mwalimu wake aseme amekuwa tayari. Mama Wakesho alianza maandalizi mapema, maana yeye hawezi kufanya jambo bila watu kujua. Gauni jeupe likapelekwa kwa fundi. Jamaa zao wa Mgange, huko juu milimani, wakaitwa. Mbuzi akachaguliwa. Mimi nikanyamaza, nikimwangalia anavyopita mbele ya mlango wangu na kitambaa cheupe mkononi. Mpango wangu ulikuwa kungoja gauni liishe kushonwa na wageni waanze safari, kisha nimwambie Kasisi, "Huyu hajakomaa." Basi. Nani angenibishia? Nilikuwa nikiosha vyombo nakumbuka jambo hilo nacheka peke yangu, hadi Baba Elphas akaniuliza kama nimepata habari njema kutoka nyumbani.

Shida ilikuwa msichana mwenyewe. Laiti angekuwa mjinga au mwenye kiburi! Lakini alijua masomo kuliko wote, na aliniuliza maswali yanayonifanya nirudi nyumbani nikasome tena. Siku nilipofundisha habari ya kupatana kwanza na mwenzako ndipo ulete sadaka yako, aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, na kama huyo mwenzako hataki?" Nikamwambia mtu mwenye haki hujaribu tena. Nilijibu haraka ili kipindi kiishe.

Kisha akaugua. Kichwa, joto, kuanguka shuleni. Walimpa vidonge, hakupata nafuu. Nyanya yake akashuka kutoka Mgange, na yule mzee hakuuliza habari ya vidonge hata kidogo. Aliuliza, "Ni nani ana hasira na nyumba hii?"

Lazima nikueleze, maana kwetu hakuna jambo hili. Wataita, wenyewe hujiita Wadawida, husema hasira ya mtu aliyekosewa, akiikalia kimya, inaweza kumwangusha mtoto asiye na kosa. Dawa yake ni kutasa. Yule mwenye hasira huitwa, akatoa yote yaliyo moyoni kwa sauti mbele ya waliomkosea, bila kuacha neno. Halafu anapewa maji ya miwa au pombe, anajaza mdomo, anayatema kwa nguvu chini, na kuomba baraka. Hasira imetoka. Mimi nilikuwa nimeshawaambia vijana kwamba hayo ni mambo ya kale, Mkristo anasali tu. Hata Mama Wakesho mwenyewe ni wa Umoja wa Mama pale kanisani. Lakini mtoto akilala hivyo, nani anakumbuka alichosema kanisani?

Mama Wakesho alikuja mlangoni kwangu mchana, bila leso kichwani. "Mwalimu, tafadhali," akasema. "Mama anakuita. Usikatae kuja kwangu."

Nilikwenda. Dada, nilikwenda mbio nikaacha sufuria motoni. Nilikuwa nimengoja miaka yote hiyo mtu aniambie niseme.

Walikuwa wameketi, karani, mkewe, na nyanya na kibuyu chake. Wakesho alikuwa amelala kwenye mkeka karibu na mlango wa chumbani, amejifunika blanketi katika joto la Voi. Nyanya akaniambia, "Mwalimu, sisi Wadawida tunajua kitu moja. Hasira ikikaa ndani inatembea. Sema yote. Usiache hata kidogo, maana ile utaacha ndio itatuua."

Nikasema. Nilisema habari ya bomba, maneno yale yale, kwa sauti yake ile ile. Nilisema Elphas alikuwa bado na joto mikononi mwangu. Nilisema habari ya wanawake na kanga zao, na habari ya safari ya treni na sanduku lile, na jinsi nilivyorudi nikakuta hata uji hakuniletea. Nilimwambia karani kwamba yeye naye alijua akanyamaza. Nilisema hadi habari ya kuku wangu mweusi aliyepotea, ambayo kwa kweli sina hakika nayo. Hakuna aliyenikatiza. Nilikuwa nimesimama na wao wote wameketi, na kila nilipodhani nimemaliza nilipata jingine.

Mama Wakesho alikuwa analia. Akasema, "Nilisema, mwalimu. Ni huu mdomo wangu. Surua ilikuwa inaingia kila nyumba, nilikuwa naogopa itaingia kwangu. Nikatafuta mtu wa kuwekea lawama."

"Kwa hivyo hukuamini kwamba nimemla mtoto?" nikamwuliza.

"Sikuamini hata siku moja. Nisamehe."

Pengine yeye alidhani maneno hayo yatanituliza. Dada, hayo ndiyo yalinichoma kuliko yote! Kama angeamini, ningesema ni mjinga, nimhurumie. Kumbe alijua mimi ni mama kama yeye, na bado akanifanya mchawi mbele ya maiti ya mwanangu ili tu yeye apate usingizi.

Nyanya akanimiminia maji ya miwa kwenye kikombe. Nikajaza mdomo. Wote wakanitazama, wakingoja niteme. Na mimi nikamtazama Mama Wakesho machoni, nikameza.

Yalikuwa matamu sana.

"Huyu amemeza," akasema nyanya, akakifunga kibuyu chake. Mama Wakesho alikuwa bado ananiangalia koo. Nikaweka kikombe chini taratibu, nikawashukuru kwa kinywaji, nikarudi nyumbani kwangu. Ugali ulikuwa umeungua na nikaula hivyo hivyo.

Tangu siku hiyo nimeishi kama mke wa mkubwa. Nikifika bombani Mama Wakesho anasogeza ndoo yake, nakinga kwanza. Ananisalimia kwa mikono miwili. Mumewe akiniona anavuka njia. Na msichana alipona, usiwe na wasiwasi. Walimpeleka hospitali ikaonekana ni malaria, akachomwa sindano, akaamka. Kwa hiyo ile hasira yangu waliyosema inatembea haikuweza hata kumfuata mtoto hadi wodini. Lakini mama yake bado anaogopa, na mimi sikufanya haraka kumtoa hofu.

Jina la Wakesho nikalipeleka kwa Kasisi pamoja na wengine. Usidhani ni huruma. Nilikuwa nimeshiba tu.

Sasa sikia la leo. Askofu anakuja Jumapili ijayo, na leo Kasisi aliwasimamisha vijana mbele ya kanisa zima awaulize maswali. Walijibu vizuri, nikawa nimeketi mbele nimenyoosha mgongo. Swali la mwisho lilikuwa, "Je, una amani na watu wote?" Kila mmoja akasema, "Ndiyo, Kasisi." Akamfikia Wakesho.

"Hapana, Kasisi," akasema. "Sina."

Kasisi alidhani hakusikia swali. Akarudia.

"Nimesikia, Kasisi. Sina amani na mwalimu. Mama yangu alimkosea, akamwomba msamaha, na mwalimu akakataa. Mama halali siku hizi. Na mimi nikimwona mwalimu namchukia. Yeye mwenyewe alitufundisha mtu asije mbele akiwa na kitu kama hicho. Kwa hivyo naona nikae."

Na akaenda akakaa. Hakulia wala hakupandisha sauti. Alipita karibu yangu hivi, nikasikia harufu ya sabuni kwenye nguo yake. Kanisa lote likanigeukia, Dada Loice, lote, hadi wale wazee wanaosinzia nyuma.

Kasisi aliniita baada ya ibada. Akasema hatamlazimisha msichana, lakini askofu haji huku kila mwaka, na kama jambo hili halijaisha kabla ya Jumapili ijayo, Wakesho atabaki na gauni lake. Akaniuliza, "Mama Elphas, niwaambie nini watu?"

Njiani tukavuka reli mimi na Baba Elphas. Kisha akasema, "Mtoto amejibu vile ulimfundisha." Nikamwambia atafute mtu mwingine wa kumpikia leo. Amekula mkate na chai.

Nimekasirika mpaka kalamu inatoboa karatasi. Lile nililopanga kumfanyia mimi, kumnyima nafasi mbele ya askofu, amejifanyia mwenyewe, tena mchana kweupe, na aibu yake yote imeniangukia mimi. Asipowekewa mikono, hakuna atakayesema Wakesho hakuwa tayari. Watasema mwalimu ndiye hakuwa tayari. Na Mama Wakesho atalikunja lile gauni jeupe aliweke sandukuni, na mimi niliyengoja kuona jambo hilo kwa hamu nimeketi hapa sitaki hata kulifikiria.

Basi Jumamosi nitakwenda. Nimeshamwambia Baba Elphas amfikishie karani habari, wakamue miwa, na nyanya asirudi Mgange kwanza. Nitajaza mdomo na nitatema, wachunguze koo langu wakitaka. Lakini wewe usiende kumwambia mama kwamba nimekuwa mtakatifu. Yule mwanamke sijui kama nimemsamehe, na bombani nitaendelea kukinga kwanza. Ninalojua ni kwamba msichana wa darasa la saba hawezi kunishinda kwa amani ambayo mimi ndiye niliyemfundisha. Hilo silikubali hata kidogo.

Nisalimie mama, na umwambie apake dawa. Msalimie shemeji, na kaka yetu mkubwa, na shangazi anayesuka vikapu. Baba mdogo anayefyeka nyasi pale kaburini kwa Elphas umpe asante yangu ya pekee. Na wewe dada, ukipita pale, simama kidogo. Mwambie mwanangu kwamba niliyasema yote, mbele yao, kwa sauti, na aliyetusema vile bombani alisikia kila neno akalia. Mwambie hilo nimelipata. Sasa kuna mtoto mwingine anayengoja mimi niteme.

Ni mimi mdogo wako mwenye hasira,
Rasoa, Mama Elphas