Mshono Umeisha Kitambaa

Baba watoto,

Chai iko kwenye chupa, haina sukari. Usilitafute kopo la sukari, nimeondoka nalo.

Suruali yako ya kijivu iko kitini, sijaishona. Mara tatu nimeipanua kiuno, na leo asubuhi nilipoufumua mshono nikakuta kitambaa cha akiba kimekwisha. Ukacheka: "Fundi mzima unashindwa na tumbo?" Nikakujibu vibaya. Nisamehe. Nilikuwa namwona marehemu baba yako. Alianza hivi hivi: kiuno, kisha presha, kisha kisukari, mwisho mguu ukakatwa. Wewe umeshafika kwenye presha.

~~Nitakushonea nyingine, kubwa zaidi.~~

Hapana, nimefuta. Kiuno naweza kukiongeza, miaka siwezi.

Vidonge viko juu ya redio. Usijifanye umesahau.

Jioni narudi kutoka kazini kwa miguu. Unakumbuka ulivyokuwa ukinisindikiza, wewe mbele unapiga mluzi, mimi nyuma nahema? Nina hamu na ule mluzi, mume wangu. Njoo tukutane kwenye kona ya posta. Viatu nimekuwekea mlangoni.

Nitatembea polepole.

Mkeo