Cheni ya Pikipiki ya Baba

Ruanda, Mbozi
14 Juni 1982

Mdogo wangu Yonathani,

Pokea salamu nyingi kutoka hapa nyumbani. Natumaini zitakukuta u mzima huko Morogoro, pamoja na shemeji Anastazia na watoto. Sisi huku tunapumua. Baridi ya mwaka huu haina adabu, kahawa imeanza kuiva, na shemeji yako Enesi anasema nikuandikie kwamba mahindi yapo, usije ukasingizia njaa ukaacha kuja.

Uliuliza pikipiki ya marehemu baba imefikia wapi, maana likizo yako ya Agosti inakaribia na ahadi yetu ni ileile: kupita njia yake yote ya uinjilisti, Vwawa, Itumba, hadi tushuke Kyela tulione lile ziwa alilokuwa akitusimulia. Ndugu yangu, nimechoka. Tangu Pasaka injini imelala juu ya gunia sebuleni, na Enesi amezoea kuiruka akileta uji. Spea hakuna. Ringi za pistoni nilizipata kwa fundi mmoja wa Vwawa, kazitoa kwenye pikipiki iliyokwisha kufa. Gasketi nimeikata mwenyewe kwenye boksi la sabuni, na sabuni yenyewe sijui niliiona lini. Pointi za kutoa cheche nimezisugua kwa msasa na kuzipima kwa wembe, kama baba alivyotufundisha. Breki ya nyuma inashika ikipenda.

Kilichonitoa jasho zaidi ni cheni. Niliambiwa zipo ng'ambo, Nakonde, upande wa Zambia, nikapanda lori la mahindi hadi Tunduma nikavuka. Nilimkuta mama mmoja muuza spea, Kibemba chake kingi na Kiswahili cha kuokoteza. Nikamwonyesha cheni ya zamani, akatikisa kichwa, katika maneno yake mengi nikadaka moja tu: mailo. Mimi na Kibemba changu cha sokoni nikajua amesema kesho. Nikalala kwa Bashiri, yule mwenye malori aliyekuwa akimbebea baba vitabu vya nyimbo ingawa yeye mwenyewe ni Mwislamu, na asubuhi nikarudi kwa yule mama nikiwa na matumaini tele. Alicheka mpaka akashika kiuno. Kumbe alikuwa akiniambia zilikuwapo jana, zimekwisha. Bashiri akanieleza kwamba kwa Wabemba neno ni hilohilo moja, jana ni mailo na kesho ni mailo, ukitaka kujua ni ipi sikiliza maneno yaliyo jirani yake. Nikamuuliza watu wa namna hiyo wanaahidianaje jambo. Alinionea huruma, akanitafutia cheni iliyotumika kwa dereva wake mmoja.

Jumamosi iliyopita ikawaka. Yonathani, ule mlio! Enesi alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasema amedhani baba amerudi. Nililia kidogo, sikufichi. Nikapanda, nikashika njia ya mashine ya kusaga.

Sikufika. Mama Roda, jirani yetu, alikuwa akitoka kusaga, ndoo ya unga kichwani, anatembea pembeni kabisa mwa njia, mchana kweupe. Sikumwona. Nilisikia ukelele tu, kisha nikaona unga umetanda barabarani. Alikuwa amerukia mtaroni, na Mungu ashukuriwe ameteguka kifundo tu. Akaniuliza kama nimelewa mchana wote huu. Ningefurahi kama ingekuwa pombe.

Enesi hakushangaa. Alisema amekuwa akinitazama tangu Pasaka: nati imelala kando ya goti langu, nami naipapasa chumba kizima huku nikiwalaumu kuku. Akanipeleka hospitali ya misheni. Daktari alisema ni presha ya macho, kwamba pembeni pamekwisha kufa na hapatarudi, na katikati nako panaendelea kubana. Dawa ya matone ingechelewesha, lakini stoo yao haina. Nilimuuliza nimebakiwa na muda gani. Alisema hawezi kuniambia, ila jambo lolote ninalotaka kuliona nisiliweke kiporo.

Naogopa, mdogo wangu. Enesi ananiambia nisikuandikie haya, nitakutia wasiwasi bure, lakini ningemwambia nani mwingine? Utaona mistari inavyopanda na kushuka. Nisamehe.

Ile pikipiki sitaiendesha tena, na kuiuza moyo umekataa. Wewe ndiye utakayeiendesha. Najua uliapa, tangu siku ile ekzosi ilipokuchoma mguu ukaingia na pikipiki kwenye kahawa ya mzee, kwamba chuma kile hutakigusa tena. Kovu hilo limekwisha kuzeeka, lisamehe. Mimi nitakaa nyuma nikushike kiuno. Njiani utanieleza kulia kuna nini na kushoto kuna nini, na tukifika Kyela utanigeuza uso kuelekea ziwani, niliangalie kwa hicho kitundu nilichobakiwa nacho.

Agosti ni mbali. Waombe ruhusa wakubwa wako kiwandani, uwaambie lolote.

Mpe shemeji mkono wangu, na watoto uwaambie baba yao mkubwa anawakumbuka sana. Enesi anawasalimu, na Mama Roda naye anawasalimu, ingawa bado ananuna.

Njoo mailo, Yonathani. Ile ya kesho.

Kaka yako,
Zebedayo