Mkate Katikati ya Wimbo

Bibi Kulyash,

Supu ya tambi iko jikoni, ipashe moto. Gerejini usiingie ~~kamwe~~ kabla ya saa tisa.

Kesho mjomba anarudi na gari lake kutoka Shymkent, kwa hiyo leo ndiyo siku yetu ya mwisho ya kurekodi albamu humo gerejini. Jana Olzhas, mpiga ngoma wetu, alikuwa anapiga ngoma na koti mwilini kwa sababu ya baridi. Hakuwa anaondoka hata umlishe mkate wa kuaga! Ukaingia katikati ya wimbo: "We mtoto, utoke kwangu hujaonja mkate? Fungua mdomo!"

Nilinuna. Kisha tukasikiliza kanda. Kwa masikitiko nakujulisha kuwa bendi imepiga kura: kelele zako zinabaki, uimbaji wangu unafutwa. Saa tisa njoo utugombeze kwenye nyimbo zilizobaki.

Mjukuu wako,
mwimbaji mstaafu