Mvua ya Siku ya Sabato

Nyansiongo, Jumamosi, Aprili 1969

Leo kidogo Mama Kemunto anifukuze. Nilipostaafu kuchunga ng'ombe wa mzungu, yeye ndiye aliyenipa kibanda hiki kando ya bwawa, kwa sharti moja: Sabato hakuna kazi shambani kwake. Nikifukuzwa sina pa kwenda. Kwetu Kitui wamebaki wasionijua.

Lakini kila asubuhi mimi hupima mvua kwa chombo alichoniachia mzungu. Leo nilijizuia, nikakaa ukingoni kutazama korongo wawili wenye taji wakicheza kwenye matete. Kisha mawingu yakarudi. Chombo kilikuwa karibu kufurika, na kikifurika kipimo cha usiku kimepotea.

Mama Kemunto alipotoka kanisani alinikuta nimekipigia magoti.

"Mzee, si tulikubaliana?"

"Natazama tu, mama. Kutazama nako ni kazi?"

Akainama kuhakikisha, Biblia kwapani. Akaona maji yalipofika kwenye kioo cha chombo.

"Hii yote ni ya usiku mmoja?"

"Inchi mbili na nusu. Kwetu tungeingoja miezi saba."

"Na imeanguka hivi kila mahali?"

"Kila mahali. Juu ya mahindi, juu ya bwawa, juu ya paa lako ukiwa umelala."

Akalitazama shamba lake lote kama mgeni.

"Basi mwaga," alisema polepole. "Nyingine inakuja."

Nikaandika, nikamwaga. Nimezeeka na bado sijazoea kwamba maji huanguka tu kutoka juu.